Gome la Muwati na Tumbo la Meli

Anayemenya ndizi mbichi sokoni Keroka, mji uliokaa mpakani mwa Kisii na Nyamira, huona kisu chake kikiingia weusi kabla hajamaliza chane ya pili. Wengi huuchukulia kuwa uchafu tu wa utomvu. Kumbe utomvu umeshikana na chuma na kuzaa kitu kipya, cheusi chenye ubuluu, kisichotoka kwa maji matupu. Kinachofanya kazi hiyo ni tanini, ukali ule ule unaokausha ulimi ukionja ganda la ndizi au chai iliyochemshwa kupita kiasi. Tanini imejaa kwenye mimea ya nyanda za juu za Gusii: kwenye majani ya chai, kwenye kokwa la parachichi, na zaidi ya yote kwenye gome la mti wa muwati. Kwa miongo mingi wataalamu wamekuwa wakiuliza kama ukali huo unaweza kukilinda chuma cha pua kisiliwe na maji ya bahari. Njia ya swali hilo ni ndefu, na inapita mahali pengi ambapo Mgusii na baharia hawakujua kwamba wanahusiana.

Watu wa mwambao walilijibu tatizo la kutu kwa kukikwepa chuma. Mtepe wa Lamu na visiwa vya jirani ulishonwa kwa kamba za usumba, ubao kwa ubao, bila msumari hata mmoja, na vyombo vya namna hiyo viliendelea kuonekana hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Misumari ilipoingia kwenye majahazi, mafundi hawakuiamini. Kila msumari ulizungushiwa uzi wa pamba uliolowekwa mafuta ndipo ukapigiliwa, ili maji yasipate upenyo wa kuufikia. Chini ya mkondo wa maji chombo kilipakwa deheni, yaani shahamu iliyochanganywa na chokaa, na juu yake kikapakwa mafuta ya sifa. Wavuvi nao walichemsha magome ya mikoko wakatia nyavu zao za pamba zisioze upesi. Kwa hiyo fundi wa Pwani alikuwa na mafuta mkono mmoja na tanini mkono wa pili. Hakuwa na haja ya kuvileta pamoja juu ya bamba la chuma, kwa sababu hakuwa na bamba la chuma.

Mabamba yalifika na Waingereza na Wajerumani. Meli iliyoitwa William Mackinnon ilitengenezwa Uingereza vipande vipande, ikasafirishwa hadi Mombasa, ikabebwa na wapagazi kuelekea Ziwa Victoria, na baada ya vipande vingi kupotea njiani ndipo ikashushwa majini Kisumu mwaka 1900. Zilifuata Winifred, Sybil na nyingine. Kituo cha serikali kilipofunguliwa Getembe mwaka 1907, mahali tunapopaita leo mji wa Kisii, njia yake ya kwenda duniani ilikuwa hiyo: kwa miguu mpaka Kendu Bay au Karungu, kwa meli mpaka Kisumu, kwa reli mpaka Kilindini. Kila bati na kila jembe la dukani lilipanda kwa njia hiyo, na kila gunia la ngozi na nafaka lilishuka kwayo.

Vita vya Kwanza vilipozuka, Wajerumani walivuka mpaka wakaingia Kisii. Tarehe 12 Septemba 1914 kikosi cha King's African Rifles kilipigana nao hapo mjini, na Wajerumani wakarudi nyuma. Siku 8 baadaye, tarehe 20 Septemba, manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha meli ya Kiingereza Pegasus bandarini Unguja. Nayo Königsberg ilikimbilia delta ya Rufiji, ikasakwa kwa miezi mingi, na mnamo Julai 1915 ikazamishwa na mabaharia wake wenyewe baada ya kupigwa vibaya. Mizinga yake iliopolewa ikaenda kupigana nchi kavu. Mmoja ulifungwa juu ya meli Graf von Götzen kwenye Ziwa Tanganyika.

Mwanafunzi wa kutu angetafuta mbali sana kupata jaribio zuri kuliko la meli hizo mbili. Götzen ilizamishwa na wahandisi wake mwaka 1916 karibu na Kigoma, lakini kwanza waliipaka mitambo yake grisi nzito. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, wakaifufua, na ikarudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba, ambalo wasafiri wa ziwa lile wanalijua mpaka leo. Königsberg ilibaki Rufiji. Delta ile ni msitu wa mikoko, magome yake yana tanini nyingi kiasi kwamba kabla ya vita Wajerumani wenyewe walikuwa wakiyasafirisha kwenda Ulaya kutengenezea ngozi, na maji ya vijito vyake yana rangi ya majani na magome yaliyooza. Mmea ungekuwa na uwezo wa kukilinda chuma kwa kuwa tu majini pamoja nacho, manowari ile ingekuwa salama kuliko zote Afrika Mashariki. Haikuwa. Chumvi iliitafuna, wafanyabiashara wa vyuma chakavu wakakatakata kilichobaki hadi miaka ya 1960, na sehemu iliyosalia ikazama topeni. Tofauti kubwa ilikuwa maji: ya Tanganyika ni matamu, ya Rufiji yana chumvi. Lakini grisi nayo ilikuwa na neno lake. Iligusa chuma moja kwa moja na ikabaki hapo. Tanini ya mikoko ilipita tu na mkondo.

Sasa turudi milimani. Muwati asili yake ni Australia. Mwaka 1864 mlowezi John Vanderplank alipanda mbegu zake Camperdown, Natal, akitafuta kivuli na kizuizi cha upepo. Baadaye iligunduliwa kwamba gome lake lina tanini inayofikia theluthi moja ya uzito wake, na Natal ikageuka kuwa soko kubwa la gome kwa viwanda vya ngozi vya Ulaya. Kenya mti huo uliingia mwaka 1903. Kwanza ulitakiwa kwa kuni, kisha ukapandwa kwa gome. Wakulima wa Kikuyu waliupokea kwa haraka iliyowashangaza hata maofisa, kwa kuwa haukuhitaji mbolea wala mashine: unapanda, unasubiri miaka 8 hadi 10, unabandua gome, na mti mtupu unabaki wako wa kuchoma makaa au kujengea. Gusii nako miwati ilisimama kwenye kingo za mashamba na miteremkoni. Huko gome halikuwa biashara kubwa kama Kiambu na Murang'a, na watu waliupenda mti zaidi kwa kuni na nguzo za nyumba.

Aliyetajirika kwa gome alikuwa mwingine. Forestal Land, Timber and Railways, kampuni iliyokuwa imeneemeka kwa mti wa quebracho nchini Argentina, ilijenga kiwanda Thika katika miaka ya 1930. Baadaye kampuni yake tanzu, East African Tanning Extract Company, ilitawala mashamba makubwa ya miwati kuzunguka Eldoret na kiwanda chake hapo. Watu waliifupisha wakaiita EATEC.

Ndani ya kiwanda cha namna hiyo kulikuwa na sheria moja ambayo ndiyo inayotuhusu. Gome lilikatwakatwa, likalowekwa kwenye mitungi ya maji moto iliyopangwa mfululizo, maji yale mekundu yakachujwa, yakakaushwa mpaka yakawa unga au mabonge. Katika safari yote hiyo, chuma cha kawaida hakikuruhusiwa kugusa maji hayo. Mitungi ilikuwa ya shaba au ya mbao, na baadaye ya chuma kisichoshika kutu. Punje kidogo ya chuma ingeyatia maji yale weusi, na mtengeneza ngozi wa London angeukataa mzigo mzima. Yaani mfanyakazi wa Thika aliiona kila siku, na kwa hofu, nguvu ile ile ya tanini ya kukikamata chuma. Kwake ilikuwa hasara. Alipewa kazi ya kuizuia.

Huko Ulaya wengine walikuwa wakiitafuta. Tatizo lao la kwanza halikuwa bahari. Kabla ya bamba la chuma kupakwa zinki au rangi, huchovywa kwenye tindikali ili kutu na magamba yatoke, na tindikali ikishamaliza magamba huanza kula chuma chenyewe. Mwaka 1860 Mwingereza aliyeitwa Baldwin alipewa hataza ya kutia molasi na mafuta ya mimea ndani ya tindikali hiyo ili ipoe makali. Mwaka 1872 Waitalia Marangoni na Stefanelli waliandika juu ya gundi, jelatini na pumba za nafaka kwa kazi kama hiyo. Kufikia mwaka 1930 kulikuwa na viwanda vilivyotumia mashina, majani na mbegu zilizokaushwa za mimea, ukiwemo mmea mdogo wa Ulaya wenye maua ya njano uitwao Chelidonium majus. Inachekesha kidogo kwamba sayansi ambayo leo inatangazwa kama mpya na ya kijani ilianzia kwenye molasi na pumba.

Kisha wakaja watu wa mvuke. Madereva wa garimoshi na mafundi wa meli walikuwa na kawaida ya zamani ya kutupia magome ya mwaloni, hata viazi, ndani ya boila ili gaga la chokaa lisigande. Katika miaka ya 1940, mhandisi wa reli za Ufaransa, Louis Armand, aliigeuza kawaida hiyo kuwa utaratibu wa kisayansi wa kutibu maji ya boila kwa soda na tanini. Boila za garimoshi zikadumu zaidi, na gharama ya matengenezo ikashuka. Zingatia kwamba boila ni chombo kilichofungwa. Kinachotiwa ndani hubaki ndani.

Mwaka 1958 wataalamu wawili, Knowles na White, walichapisha makala katika jarida la wakemia wa mafuta na rangi kuhusu kulinda metali kwa tanini. Hapo ndipo mambo yalipowekwa wazi. Molekuli ya tanini imejaa jozi za oksijeni na haidrojeni zilizokaa jirani, na jozi hizo huikamata ayoni ya chuma iliyomo ndani ya kutu kama kaa anavyobana kidole kwa gando. Kinachozaliwa ni tanati ya chuma, nyeusi ya buluu, isiyoyeyuka kirahisi. Kutu iliyokuwa laini na yenye vinyweleo inageuka kuwa tabaka lililoshikana ambalo rangi inaweza kukaa juu yake. Kwa mpiga rangi huu ni unafuu mkubwa, kwani hahitaji kukwangua hadi chuma king'ae. Anapiga brashi ya kutoa kutu iliyolegea, anapaka maji ya tanini, anasubiri yageuke meusi, anaendelea na rangi.

Makumbusho yaliipokea njia hiyo kwa mikono miwili. J. B. Pelikán aliandika mwaka 1966 jinsi ya kuhifadhi vyuma vya kale kwa tanini. Kenya haikuwa mbali na habari hizo: kati ya 1977 na 1980, Robin Piercy na wazamiaji wenzake walifukua mabaki ya Santo António de Tanná, meli ya Kireno iliyozama mbele ya Fort Jesus mwaka 1697 wakati wa kuzingirwa na Waomani. Chuma kilichokaa baharini karne 3 hakitolewi tu na kuwekwa mezani. Kikikauka, chumvi iliyonywewa ndani hufanya fuwele, na kitu kizima hupasuka na kubomoka. Utaratibu unaojulikana duniani ni kukiloweka chuma kwenye maji ya soda na kukipitishia umeme kwa miezi, hata miaka, mpaka chumvi itoke. Ndipo hupakwa tanini, tena na tena, na mwisho nta. Tazama mpangilio: chumvi kwanza, tanini baadaye. Anayegeuza mpangilio huo anaifungia chumvi ndani, na kutu inaendelea kazi yake chini ya weusi mzuri.

Wakati sayansi hiyo ikikomaa, muwati ulikuwa unaporomoka. Soli za mpira na plastiki zilichukua nafasi ya soli za ngozi, na viwanda vya ngozi vikahamia kwenye kromiamu inayomaliza kazi kwa saa badala ya wiki. Bei ya gome ilianguka. EATEC, iliyokuwa imeingia mikononi mwa kampuni ya Lonrho, ilifika mwisho wake karibu na mwaka 2000, mashamba yake yakauzwa vipande vipande. Nadhani hapa ndipo nafasi ilipopotea. Malighafi ilikuwepo, mitungi ilikuwepo, maarifa yalikuwa yamechapishwa tangu 1958, na bandari iliyojaa chuma ilikuwa mwisho wa reli. Hakuna kiwanda kikubwa cha praima ya tanini, yaani rangi ya kwanza ya kushika chuma, kilichotokea nchini.

Gusii ilikuwa imeshahamia kwenye mmea mwingine. Chai ya wakulima wadogo ilianza kupandwa mwishoni mwa miaka ya 1950, mamlaka ya chai, KTDA, ikaundwa mwaka 1964, na leo ukipita Nyamira unakutana na viwanda vya Kebirigo, Nyankoba, Sanganyi, Tombe, Gianchore na Nyansiongo, na upande wa Kisii Kiamokama, Nyamache, Ogembo na Itumbe. Jani la chai lina jamii ya kemikali za ukoo mmoja na tanini. Ukitaka kuona, chukua msumari wenye kutu, usugue kutu iliyolegea, uuweke kwenye kikombe cha turungi iliyochemka mpaka ikawa chungu. Acha usiku kucha. Asubuhi chai imekuwa wino, na msumari umevaa koti jeusi. Usiinywe.

Na jani hilo linafika baharini kila wiki. Mnada wa chai ulihamia Mombasa mwaka 1969, na magunia ya Nyamira hulala kwenye maghala ya Kilindini, kisha huingia kwenye makontena ya chuma ambayo upepo wa chumvi unayatafuna kuanzia kwenye bawaba na pembe.

Maabara za Afrika, Asia na Amerika Kusini sasa zimefurika tafiti za vizuia-kutu vya mimea. Jaribio lenyewe ni rahisi. Vipande vidogo vya chuma vinasuguliwa kwa msasa, vinapimwa uzito mpaka sehemu za gramu, vinatundikwa kwa uzi ndani ya mitungi, mmoja una dondoo la mmea na mwingine hauna. Baada ya siku kadhaa vinasafishwa na kupimwa tena, na upungufu unalinganishwa. Asilimia 80 au 90 ya ulinzi inatangazwa mara nyingi, na msomaji anadhani meli zimeokoka. Angalia ndani ya mtungi kabla ya kushangilia. Mara nyingi kimiminika kilichomo ni tindikali ya haidrokloriki, ile ile shida ya Baldwin ya 1860. Matokeo hayo ni ya kweli na yana faida kwa kiwanda kinachosafisha mabamba. Bahari ina tabia nyingine. Ina takriban gramu 35 za chumvi kwa kila kilo ya maji, haina ukali wa tindikali, na kinachoendesha kutu humo ni oksijeni iliyoyeyuka pamoja na kloridi zinazotoboa tabaka lolote dhaifu. Tena bahari haina mtungi. Dondoo utakalolimwaga kando ya meli litapotea na mkondo kabla ya jioni, na litakalobaki bakteria watalila. Rufiji ilishatuonyesha hilo.

Mimea imeshaingia kwenye meli, ila kwa mlango mwingine, na mlango huo uko Pwani yetu. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayochoma ngozi ya wabanguaji. Kutokana nayo hutengenezwa vigumishi vya rangi za epoksi, na rangi hizo hupakwa leo kwenye matumbo ya meli na matangi yake ya maji ya uzito, kwa sababu hukauka hata kwenye baridi na unyevu. Mmea hapo umefungwa ndani ya rangi, hauyeyuki, hauondoki. Kiwanda cha korosho cha Kilifi kilianguka katika miaka ya 1990, na mwaka 2009 serikali ya Kenya ikapiga marufuku kusafirisha korosho ghafi. Kwa miongo korosho za Mtwara, na za Kilifi kabla ya marufuku hiyo, zimekwenda India na maganda yake, na rangi ikarudi ndani ya mikebe kwa bei ya dola.

Kwa hiyo dondoo la Gusii, liwe la gome la muwati au la matawi ya chai yanayopogolewa kila baada ya miaka michache na kuachwa shambani, lina nafasi mbili za kweli: ndani ya maji yaliyofungwa, na chini ya rangi, kama praima ya chuma kilichokwisha oshwa chumvi. Nafasi hizo zimekuwa na maana zaidi tangu dunia ilipoanza kuzikimbia praima za risasi na za kromati, ambazo zinalinda chuma vizuri na kuua watu polepole. Kinachokosekana ni jaribio la mahali penyewe. Chuma huliwa vibaya zaidi juu kidogo ya maji, pale mawimbi yanaporuka na jua likakausha. Mpaka bamba lililopakwa praima ya Kisii na Nyamira litundikwe hapo, kwenye gati la Kilindini, na kuachwa miaka 2 kando ya bamba lenye praima ya dukani, asilimia zote za maabara ni makadirio. Bamba, msumari na gome havigharimu kitu kikubwa. Vyuo vya nyanda za juu na Mamlaka ya Bandari wana kila kinachohitajika kulianza jaribio hilo mwaka huu.